Wifi Yangu Amezimia, Nifanyeje

Ukinisikia nasema wifi, usinyooshe shingo kutafuta mtandao. Nasema mke wa kaka yangu. Siku hizi ukilalamika kwamba wifi yangu inasumbua, watu wanakuuliza nywila. Ukilalamika kwamba wifi yangu ananisumbua, ndipo wanavuta viti wakae karibu wapate umbea. Tofauti yenyewe ni hiyo tu, na ndiyo iliyomtoa wifi huyo kazini. Nayasimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiyasimulia kombo.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu nifiwe na mume naishi kwa kaka, chumba cha uani, na cherehani yangu iko barazani. Msinionee huruma, najilisha. Mimi na wifi hatukuwa wa kupendana sana wala wa kugombana sana. Yeye alisema mimi nina mdomo, mimi nilisema yeye ana maringo ya kimyakimya. Kumbe maringo hana. Amechoka tu. Mtu akichoka miaka mingi mfululizo, salamu yenyewe inamshinda, nanyi mnasema anajisikia.

Alikaa mapokezi ya zahanati miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuuliza "unasumbuliwa na nini?" na kuandika. Mtu anasema mwili wote si wangu, anaandika. Mwingine anasema kuna kitu kinanitembea mgongoni, anaandika, na pembeni anaweka neno ambalo daktari atalielewa. Hakuna aliyemfundisha. Alizoea tu, kama mimi nilivyozoea kumtazama mtu mlangoni nikajua kiuno chake. Zahanati ilipoleta kompyuta, wakamwambia mama, sasa pumzika. Hakupumzika hata mwezi, kampuni moja ikamtafuta kwa sababu hiyohiyo, kwamba anajua lugha ya mgonjwa na ya daktari.

Kampuni ilikuwa inatengeneza huduma ya maswali. Unaandika swali lako kwenye simu, kwa maneno yako ya nyumbani, lolote lile, la maradhi, la shamba, la simu iliyogoma, na kompyuta inatafuta jibu na kukuletea. Basi. Shida ni kwamba majibu yalikuwa kwenye orodha mbalimbali. Watu wa hospitali walikuwa na orodha yao ya maneno, watu wa kilimo na yao, watu wa simu na umeme na yao, na kila orodha imetungwa na watu wasiowajua wale wengine. Ilibidi zote ziunganishwe ziwe kitu kimoja. Wakubwa wa pale walikuwa na jina refu la kazi hiyo, na wenyewe likiwakwama. Wifi alisema yeye anaozesha maneno.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Meza nne, feni moja inayolia, dirisha linatazama ukuta. Niliwahi kumpelekea miwani aliyoisahau, nikaiona kazi yenyewe kwa macho yangu. Kwenye kioo kuna neno kushoto na neno kulia. Kompyuta imeshabashiri kama yanafanana, inakuonyesha imebashiri kwa asilimia ngapi. Wewe unabonyeza moja kati ya vitufe vitatu: ni kitu kimoja, si kitu kimoja, au hiki kimo ndani ya kile. Ukibonyeza yanakuja mengine mawili. Jozi mia nne kwa siku. Nikamwambia, "Wifi, hii si kazi, hii ni adhabu ya shule." Akasema, "Niwekee miwani hapo."

Mwanzoni alikuwa akirudi na vichekesho. Neno dawa peke yake lilimmaliza wiki nzima. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya, dawa ya kupulizia nyanya. Zote dawa, lakini ole wako umpe mtu mwenye kikohozi ile ya panya. Tukabishana mezani, kaka akisema dawa ya viatu si dawa, mimi nikimwuliza sasa ni nini, mboga? Siku nyingine mtu wa majaribio alikuwa ameandika "naumwa na jino." Kompyuta ikamjibu aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha amfungie mnyama aliyemuuma asitoroke. Jamani! Jino ulifungie wapi? Tulicheka hadi kaka akapaliwa na chai. Kesho yake wifi akaenda akatenganisha kuumwa na mbwa na kuumwa na jino, na hilo likaisha.

Lakini mwaka ulivyosonga vichekesho vikakauka. Alikuwa anarudi hoi bin taabani, macho mekundu, anakaa kitandani na viatu miguuni. Kaka anamwuliza, "Unataka chai au maziwa?" Anajibu, "Ni kitu kimoja." Mwanzoni tulidhani anatania. Mimi na mdomo wangu nikasema ngoja siku moja aniite mimi kaka na kaka amwite wifi, tuone. Alinitazama tu. Nilikuwa sijui ninachokisema.

Huduma ikaanza kwa majaribio. Watu wachache wa mitaa kadhaa walipewa namba ya kuandikia, na kazi ya wifi ikageuka. Sasa alikuwa anasoma maswali waliyouliza na majibu waliyopewa, kuangalia wapi pamekosewa. Yalikuwa maelfu. Yale ambayo mtu alimalizia kwa kulalamika yaliwekewa alama nyekundu, na hayo ndiyo aliyopaswa kuanza nayo. Yenye alama ya kijani, maana yake mwulizaji ameridhika, aliambiwa ayapitie juujuu.

Jumatatu moja akarudi mchana. Sikuzoea. Akaja moja kwa moja barazani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, juu ya gauni la mtu nililokuwa nimeshalipiga pasi.

"Wifi, gauni!"

Hakuinuka. Akaniambia, "Nisomee hii," akanipa kikaratasi alichokiandika kwa mkono. Nikakisoma kwa sauti. Siku ya Alhamisi, wiki tano nyuma, saa nne na dakika saba asubuhi, mtu ameandika: *Wifi yangu amezimia nifanyeje.*

Jibu la kompyuta: *Usiwe na wasiwasi. Chomoa waya wa umeme, subiri nusu dakika, kisha chomeka tena. Tatizo likiendelea, wasiliana na kampuni iliyokufungia.*

Saa nne na dakika nane: *Wifi yangu amezimia jikoni haongei nifanyeje.*

Jibu: lilelile, neno kwa neno.

Saa nne na dakika tisa: *Asante.*

Nilitaka kucheka. Wallahi kicheko kilishafika hapa kooni. Kisha nikamwona uso, kikarudi chenyewe.

"Kwa sababu ya hiyo asante," akasema, "iliwekewa kijani. Ameridhika. Nimeikuta kwa bahati tu, nilikuwa natafuta kitu kingine."

"Na nani mjinga aliyeiambia kompyuta kwamba wifi ni kitu cha kuchomeka?"

"Mimi."

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa wazee. Kwenye orodha ya hospitali kulikuwa na ndugu wa mgonjwa: mama, shangazi, mjomba, wifi, shemeji. Kwenye orodha ya watu wa simu kulikuwa na bando, chaja, laini, wifi. Kompyuta ikaona maandishi yanafanana herufi kwa herufi, ikabashiri asilimia mia. Mwishoni mwa siku, macho yanamuuma, akabonyeza ni kitu kimoja. Hata hakulisoma. Wifi ikishakuwa kifaa, basi na kuzimia kukawa kuzimika. Yule mwanamke aliandika amezimia, na hiyo "a" ingetosha kumwambia hata mtoto wa miaka mitatu kwamba huyu ni mtu, kifaa kingekuwa "i". Kompyuta haikuitazama.

"Kila siku unaniita wifi," akasema. "Asubuhi na jioni. Nami nikabonyeza."

Nikaweka mkasi chini.

Alikuwa ameshakwenda kwa msimamizi wake. Kijana mpole, si mbaya, mashati yake mengine mimi ndiye ninayeyashona. Akalitenganisha neno palepale, mbele yake, akamshukuru kwa kuliona mapema kabla huduma haijafunguliwa kwa watu wote. Wifi akamwuliza, "Mapema kwa nani?" Kijana akashika tama. Akasema mama, naelewa, lakini unajua ulichotia saini. Ni mwiko kuwasiliana na mwulizaji yeyote, kwa sababu yoyote, siri za watu ni siri za watu. Ukimpigia, mimi sitakuwa na njia, nitakuondoa. Kisha akamwambia aende nyumbani apumzike. Kila mtu maishani mwake amemwambia huyu mwanamke apumzike.

"Sasa unataka nini?" nikamwuliza.

"Nataka kujua kama yuko hai."

"Namba huna."

"Ninayo." Akagusa kipaji cha uso. Karani wa mapokezi, namba zinamganda kichwani.

Nilimpa vidonge vyake, sitawaficha. Nikamwambia umebakiza miaka miwili ustaafu, kaka mgongo wake unaujua, kosa limeshasahihishwa, maji yakimwagika hayazoleki, unatafuta nini? Akiwa amekufa utamfufua? Akiwa hai si yuko hai? Alinisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akalikunjua gauni la watu, akalitandaza vizuri mezani, akaingia ndani.

Wiki hiyo hakulala vizuri wala hakula. Alikwenda kazini, akarudi, akakaa. Mara moja nilimkuta jikoni amesimama anaitazama sakafu, mahali pale mtu angeangukia kama angezimia akipika. Kaka akaniuliza, "Mkeo ana nini?" Alichanganya maneno kwa kuchoka, maskini, alikuwa anataka kusema wifi yako. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi alasiri nikajikaza. Nilimwita barazani, nikafunga mlango wa kuelekea mtaani, nikamwambia, "Nipe hiyo namba. Nitapiga mimi. Mimi sijatia saini ya mtu." Akaitaja taratibu, nami nikabonyeza. Nikaweka spika, simu tukailaza juu ya cherehani. Mikono yake ilikuwa magotini, imeshikana.

Ikaita. Ikapokewa na mwanamke.

"Haloo?"

"Haloo, habari za saa hizi. Samahani mwenzangu, hunijui. Nakupigia kuhusu lile swali uliloandika kwenye simu. Huduma ya maswali. Kuhusu wifi yako."

Sauti ikawa ndogo. "Jamani, mnisamehe. Mnisamehe sana. Najua niliandika vibaya."

Nilimtazama wifi. Alikuwa amefumba macho.

"Hukuandika vibaya, dada," nikasema. "Wifi yako… yupo?"

"Yupo. Amelala humo ndani. Upande mmoja haufanyi kazi, na maneno hayamtoki. Lakini yupo."

Wifi alivuta pumzi kwa nguvu nikadhani na yeye anazimia. Yule mwanamke akaendelea bila kuulizwa, ni mtu ambaye kwa wiki tano hakuwa amepata wa kumwambia.

"Alipoanguka nilikuwa peke yangu naye. Nikawaandikia nyinyi, tuliambiwa kliniki kwamba mnajibu upesi kuliko kutafuta mtu. Mkasema nichomoe waya. Sikuelewa, lakini nikasema hawa ni wasomi, kuna wanachokijua. Labda ni shoti. Nikachomoa wa pasi. Nikachomoa wa redio. Nikahesabu nusu dakika, nikachomeka tena. Hakuamka. Nikarudia. Nikasema labda nimehesabu haraka. Nimerudia mara nyingi, dada, siwezi kukuambia mara ngapi. Ndipo nikakimbilia barabarani kupiga kelele. Daktari alituuliza mbona mmechelewa hivi."

"Na mumeo?" nikauliza. "Si ni dada yake?"

"Dada yake, tumbo moja. Hajaniuliza kitu. Wiki ile tulikuwa tumegombana, mimi na wifi, mtaa mzima ulisikia. Unajua mawifi tunavyosemwa. Sasa chakula ninachompikia dada yake, yeye anakionja kwanza. Hasemi neno. Anachukua kijiko, anaonja, anasubiri, kisha ndipo anamlisha."

Nawaambieni, mimi nimezika mume, lakini pale ndipo nilipohisi baridi.

"Mbona hukumwonyesha ule ujumbe?"

"Nimwonyeshe nini? Kwamba dada yake amelala chini na mimi nahangaika na redio? Si ataniona mwendawazimu? Niliufuta siku ileile." Akapenga kamasi. "Basi, mnisamehe kwa usumbufu. Sisi hatujasoma sana. Tukiuliza tena tutajitahidi kuuliza vizuri."

Wifi akanyoosha mkono akaichukua simu juu ya cherehani. Nikamshika kiwiko, nikamnong'oneza, "Kazi yako." Akautoa mkono wangu, bila hasira, kama anayeondoa uzi kwenye nguo.

"Mumeo yuko karibu?" akauliza.

"Yuko nje hapo, anatengeneza kitanda cha mgonjwa. Wewe nani tena?"

"Mpe simu. Tafadhali."

Tukasikia nyayo, na nyundo ikigonga mbao, kisha ikaacha. Sauti ya mwanamume ikasema haloo ya mtu asiyependa simu.

Wifi akataja jina lake. Akalitaja lote, hadi la babu yake, na jina la kampuni, na ghorofa. Sauti yake ilikuwa ileile ya mapokezi, ya kuandika kila kitu.

"Kaka yangu, siku dada yako alipoanguka, mkeo aliomba msaada kwetu saa nne na dakika saba. Hakujibiwa sawasawa, akaomba tena dakika iliyofuata. Aliandika vizuri, kila herufi. Sisi ndio tuliomjibu upuuzi, na upuuzi wenyewe niliuingiza mimi kwa kidole changu, kwa sababu nilikuwa nimechoka sikusoma. Mkeo aliamini tulichomwambia. Hakumchelewesha dada yako. Tumemchelewesha sisi."

Tulisikia kuku, na mtoto wa jirani akiimba.

"Unaweza kuyasema hayo mbele ya watu?" mwanamume akauliza.

"Naweza."

"Kwa maandishi? Na jina lako?"

"Na jina langu."

Hakuaga. Simu aliiweka mahali, pengine juu ya kile kitanda, hakuikata. Tukamsikia akienda. Kisha sauti yake kutoka mbali, imebadilika kabisa, karibu nisiitambue.

"Kumbe uliuliza," akasema. "Mke wangu. Kumbe uliuliza."

Wifi akaikata simu, akanirudishia, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nipe karatasi," akasema.

Sikuwa na nyingine ila ile kubwa ya kukatia mitindo ya magauni. Nikamkatia kipande, nikampa na kalamu, nikamsogezea taa ya cherehani, naye akainama akaanza kuandika.